Kiungulia juu ya fibromialjia: anzia kwenye mfuko wa dawa, si kwenye sahani

Mwenye fibromialjia, yaani ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima na uchovu wa muda mrefu, akianza kuungua kifuani, kila mtu humwambia aache pilipili. Anaacha pilipili, anaacha nyanya, anaacha ndimu, na mwezi ukiisha bado anaamka saa nane usiku ana uchachu kooni na kifua kinawaka. Chakula kina sehemu yake, nasi tutakifikia. Lakini kwa mgonjwa huyu mambo yanayochochea moto mara nyingi ni mengine: vidonge anavyomeza kutuliza maumivu, saa nyingi anazojilaza kwa uchovu, na usingizi mbovu unaozifanya neva zake zihisi kila kitu maradufu. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zimepangwa hivi. Zichukue moja moja, kila moja kwa wiki moja au mbili. Ukibadili kila kitu Jumatatu, kufikia Alhamisi mwili umegoma na hujui kipi kilisaidia na kipi kilichokoza maumivu.

Majina ya dawa tumeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye boksi, ili uyatambue dukani bila kukosea.

Kinachotokea ndani

Umio unapoingia tumboni kuna msuli wa mviringo unaofanya kazi ya kilango: tonge likifika unafunguka, likishapita unajifunga. Kilango kikilegea, au tumbo likibanwa, asidi hupanda. Tumbo lina utando mzito wa kujikinga na asidi yake lenyewe. Umio hauna kinga ya namna hiyo, na ndio unaoungua.

Kwa mwenye fibromialjia linaongezeka jambo jingine. Maumivu ya ugonjwa huu yanatokana na jinsi ubongo na uti wa mgongo unavyozipokea ishara za neva, kama redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Akiguswa begani, anaumia. Vivyo hivyo asidi kidogo ambayo mwingine asingeihisi, yeye inamchoma. Unaweza basi kuwa na asidi ya kiwango cha kawaida kabisa na bado ukawa na maumivu makubwa, na maumivu hayo ni ya kweli.

Kabla ya yote, hakikisha ni kiungulia

Kiungulia huwaka nyuma ya mfupa wa kifua, hupanda kuelekea kooni, huja baada ya kula, ukiinama au ukilala chali, na mara nyingi huleta maji machungu au machachu mdomoni. Maumivu ya ukuta wa kifua, ambayo ni ya kawaida kwenye fibromialjia, huuma hasa pale unapobonyeza kwa kidole kwenye maungio ya mbavu, au unapojinyoosha na kuvuta pumzi ndefu. Ya moyo mara nyingi hubana kama mzigo, huja ukipanda ngazi au ukibeba ndoo, na huweza kwenda kwenye mkono, shingo au taya pamoja na jasho jembamba na kukosa pumzi. Kwa wanawake na wenye kisukari dalili za moyo huweza kuwa hafifu: kichefuchefu na uchovu wa ghafla tu. Hakuna kipimo cha nyumbani kinachoweza kuuondoa moyo kwenye orodha. Kifua kikibana kwa namna usiyoizoea, nenda hospitali saa hiyo hiyo na usijiambie "ni fibro tu".

Dalili nyingine za kwenda kupimwa bila kusubiri mwongozo huu ufanye kazi: chakula kukwama au kuuma kikipita, kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo cheusi chenye kunata kama lami, kupungua uzito bila kutaka, kutapika mara kwa mara, na upungufu wa damu usio na maelezo.

Hilo la kukwama kwa chakula tunalisisitiza kwa sababu ya mahali tunapoishi. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia, Kenya na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini, una saratani ya umio kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na huwapata hata watu ambao bado vijana. Mtu anayehitaji maji kusukuma ugali, kisha wali, kisha uji, asipewe dawa za asidi miezi sita. Apelekwe kwenye kipimo cha kamera, yaani endoskopi.

Hatua ya 1: mwaga mfuko wa dawa mezani

Chukua kila unachomeza: cha hospitali, cha duka la dawa, cha jirani, cha mitishamba. Kipange mezani na usome upande wa nyuma wa kila pakiti, pale penye maandishi madogo ya vilivyomo.

Unatafuta kwanza diclofenac, ibuprofen, indomethacin, piroxicam, meloxicam na naproxen. Dawa hizi hupunguza kinga ya utando wa tumbo na huweza kuleta vidonda. Mtego uko kwenye vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa kwa "maumivu ya misuli": vingi vina diclofenac au ibuprofen ndani pamoja na paracetamol, na mtu hunywa hivyo asubuhi, kisha diclofenac yenyewe jioni, akidhani ni dawa mbili tofauti. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba kundi hili haliisaidii sana fibromialjia, kwa kuwa hufanya kazi kwenye uvimbe, na maumivu haya hayatokani na uvimbe. Tumbo linaharibika kwa faida ndogo mno. Kama unainywa kwa ajili ya fibromialjia peke yake, zungumza na daktari uiache. Kama umepewa kwa ugonjwa mwingine, mathalani baridi yabisi, au unatumia aspirin ndogo kwa ajili ya moyo, usiache mwenyewe. Uliza kama unahitaji dawa ya kukinga tumbo pamoja nayo.

Paracetamol hailichomi tumbo. Kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24 ukihesabu na vile vilivyojificha kwenye dawa za mafua. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe au mwenye uzito mdogo sana apangiwe kiwango chini ya hapo.

Kisha angalia dawa za fibromialjia zenyewe. Amitriptyline husaidia usingizi, lakini hulegeza kilango, huchelewesha tumbo kumwaga chakula na hukausha mate, wakati mate ndiyo yanayoosha asidi kwenye umio. Pregabalin na gabapentin huweza kuongeza uzito, na kilo zinazokaa kiunoni hulibana tumbo. Tramadol hufunga choo, na kujikamua chooni husukuma asidi juu. Duloxetine huleta kichefuchefu wiki za mwanzo, na ikiambatana na diclofenac au ibuprofen huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Hakuna hata moja kati ya hizi ya kuachwa ghafla. Andika tu: "Kiungulia kilianza au kilizidi wiki ngapi baada ya dawa ipi?" Jibu hilo ni la thamani kubwa kwa daktari wako, na mara nyingi suluhisho ni kupunguza dozi au kusogeza saa.

Nifedipine ya presha nayo hulegeza kilango. Na ukiuziwa vidonge vya rangi rangi ndani ya kipakiti kisicho na jina, usimeze hata kimoja mpaka ujue ni nini.

Hatua ya 2: meza ukiwa wima

Asubuhi viungo vimekaza, kwa hiyo wengi huchukua kidonge kitandani, hunywa funda moja la maji na kujilaza tena. Kidonge hukwama kwenye umio na kuyeyuka hapo hapo. Doxycycline, vidonge vya madini ya chuma, ibuprofen na alendronate huacha kidonda kabisa, na maumivu yake huonekana kama kiungulia kilichokuja ghafla. Keti miguu ikiwa chini, kunywa funda moja kulainisha njia, meza kidonge, kisha malizia glasi nzima, yaani mililita 200 hadi 250. Usijilaze kwa dakika 30. Kama mkono hauna nguvu ya kushika glasi nzito, tumia kikombe cha plastiki chenye mkono.

Hatua ya 3: inua kitanda, usirundike mito

Hatua hii ndiyo inayowasaidia zaidi wanaoamka usiku, na ndiyo inayokosewa zaidi. Mito mitatu haifai. Huikunja shingo na kukunja kiuno, tumbo likabanwa, asidi ikapanda, na asubuhi shingo na mabega yanalipa. Kinachotakiwa ni mwili mzima kuteremka mteremko mmoja kuanzia kichwani hadi miguuni.

Kimo cha kufikia ni sentimita 15 hadi 20 kwenye matendegu mawili ya upande wa kichwani. Mwili wenye fibromialjia usiupandishe kimo hicho usiku mmoja, maana mgongo na nyonga huchachamaa. Wiki ya kwanza weka vipande viwili vya mbao ya inchi 2 kwa 4 vilivyolazwa, ambavyo hutoa kama sentimita 5. Wiki ya pili bandika kipande kingine juu ya kila kimoja na uvipigilie misumari. Sasa una 10. Wiki ya tatu au ya nne toa mbao, weka tofali la saruji la inchi 6 chini ya kila tendegu, likiwa limelazwa kwa ubapa, na ubapa huo hutoa sentimita 15. Tofali lisimamishwe? Hapana, litapinduka. Kati ya tofali na tendegu weka kipande cha mpira wa tairi kuukuu ili tendegu lisiteleze, na kama kitanda kina tendegu la katikati, lipandishe kwa nusu ya kimo ili chaga zisivunjike. Kazi hii ifanywe na mtu mwingine. Usinyanyue kitanda mwenyewe kisha ukalala siku tatu kwa maumivu.

Mambo mawili huharibika hapa. Utateleza kuelekea miguuni: weka shuka lililokunjwa au mto mwembamba chini ya magoti. Na chandarua kitakuwa kifupi upande wa miguu: rekebisha kamba zake kabla ya usiku wa kwanza.

Unalala kwenye godoro la chini, au mwenzako hapendi kitanda cha mteremko? Mwone fundi makochi akukatie sponji ngumu yenye umbo la kabari: urefu sentimita 60 hadi 70, upana wa mabega yako na ziada kidogo, upande mnene sentimita 18, upande mwembamba unaisha na sifuri. Sponji laini haifai, ndani ya wiki inabonyea. Mabega na kiuno cha juu vyote viwe juu ya kabari, si kichwa pekee.

Kisha lalia ubavu wa kushoto. Ukilala hivyo, mfuko wa tumbo huwa chini na kilango juu yake, asidi haikifikii kirahisi. Ukigeukia kulia kilango huzama. Lakini nyonga ya mwenye fibromialjia huuma ikilaliwa. Kunja blanketi mara nne uliweke chini ya nyonga, mto mmoja kati ya magoti, na mwingine uukumbatie ili mkono wa kulia usivute bega. Ukiamka umegeuka, rudi tu kushoto. Kupoteza usingizi kwa kujichunga ni hasara kuliko faida.

Hatua ya 4: sogeza chakula cha usiku

Nyumba nyingi hula saa mbili na nusu au saa tatu usiku, na mgonjwa aliyechoka anakwenda kulala sahani ikiwa bado haijaoshwa. Tumbo lililojaa linahitaji kama saa 3. Ukilala saa nne, kula saa moja jioni. Kama familia haiwezi kusogea, jipakulie chakula chako mapema, kisha kaa nao mezani na kikombe cha maji. Mlo mzito uwe wa mchana. Wa jioni uwe nusu ya ule uliouzoea. Dawa inayotaka chakula usiku hutosheka na kipande cha kiazi kitamu au nusu ndizi.

Uchovu wa mchana ni adui wa pili. Baada ya mlo wa mchana pumzika ukiwa umeegemea kochi, mgongo wima kiasi, na ulale kabisa baada ya saa mbili zaidi. Kwa anayefunga Ramadhani, hatari iko kwenye daku: kula kidogo na mapema kadiri inavyowezekana, na baada ya swala ya alfajiri rudi kwenye kabari, si kwenye mto wa kawaida.

Hatua ya 5: chakula, kwa daftari

Hakuna orodha moja ya vyakula vibaya. Vinavyotajwa mara nyingi ni vyenye mafuta mengi (chipsi, sambusa, maandazi, nyama ya mafuta), kahawa, pombe, soda, chokoleti, pipi za minti, pilipili, vitunguu vibichi, nyanya na matunda machachu. Kuvifuta vyote ni kosa: mwenye fibromialjia aliyechoka huishia kunywa chai na mkate, misuli ikazidi kudhoofu. Kwa siku 14 andika saa, ulichokula, saa ya kiungulia, na ukali wake kuanzia 0 hadi 10. Andika pia saa za usingizi wa usiku uliopita, kwa sababu siku ya usingizi mbaya hata ugali na mchicha huweza kuchoma, na lawama haziuhusu mchicha. Kinachochoma mara tatu kati ya nne ndicho cha kuacha.

Chai usiinywe ikiwa inachemka. Mwaka 2016 shirika la WHO la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kuleta saratani ya umio kwa binadamu. Imimine, iache dakika 5 hadi 10.

Maziwa baridi hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa asidi zaidi. Magadi ya kuokea huzima moto haraka, lakini yana sodiamu nyingi na hayafai kwa mwenye presha, ugonjwa wa figo au mimba. Siki na maji ya ndimu ni asidi juu ya asidi.

Hatua ya 6: kiuno, kuinama, pumzi

Legeza mkanda, na kanga uifunge kifuani au uiache huru baada ya kula. Kufagia kwa ufagio mfupi na kufua kwa kuinama kuwe kabla ya chakula, au utie mpini mrefu na uweke beseni juu ya stuli. Mgongo nao utakushukuru. Tembea polepole dakika 5 hadi 10 baada ya mlo, uishie hapo hata kama unajisikia vizuri.

Kupumua kwa tumbo ni zoezi dogo lenye faida mbili, kwa kuwa msuli wa kiwambo, ule unaotenganisha kifua na tumbo, unakizunguka kilango na kukisaidia kufunga, na pumzi ya taratibu hutuliza neva. Keti umeegemea. Mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta hewa puani kwa kuhesabu hadi 4, mkono wa kitovuni tu ndio uinuke. Toa kwa kuhesabu hadi 6. Dakika 5, baada ya kila mlo. Mkono wa kifuani ukipanda, unavuta kwa nguvu mno. Kutafuna bigijii isiyo ya minti huongeza mate, lakini kama taya zako huuma, iache.

Hatua ya 7: dawa za asidi, kwa saa zake

Vidonge vya kutafuna vya magnesium na aluminium ni vya dharura: vitafune viwe unga, baada ya kula au unapokwenda kulala. Hushika dawa nyingine zisiingie mwilini. Gabapentin imezwe saa 2 au zaidi baada yake. Anayetumia ARV yenye dolutegravir aimeze saa 2 kabla au saa 6 baada. Madini ya chuma na ciprofloxacin pia vitenganishwe navyo kwa saa kadhaa.

Kama kiungulia kinakuja siku mbili au zaidi kwa wiki, dawa ya kawaida ni omeprazole miligramu 20, mara moja kwa siku, kwa wiki 4 hadi 8. Imeze dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa, kapsuli nzima, bila kutafuna. Wanaosema haiwasaidii mara nyingi huimeza wakati wa kulala au pale moto unapowaka. Dawa hii huzima pampu za asidi zinazoamshwa na chakula, na huhitaji siku kadhaa kufikia nguvu yake. Mwambie mfamasia kama unatumia clopidogrel, rilpivirine au atazanavir. Omeprazole huweza pia kuongeza kiasi cha amitriptyline kwenye damu: ukiona usingizi mzito au mdomo mkavu kuliko kawaida, ripoti.

Usikae nayo miaka bila kukaguliwa. Matumizi marefu huweza kushusha magnesium, ikaleta mkazo wa misuli, na vitamini B12, ikaleta ganzi na uchovu. Dalili hizo zote mgonjwa na hata daktari huziandika kwenye hesabu ya fibromialjia. Na ukiitumia zaidi ya miezi miwili, usikate ghafla, maana asidi hurudi kwa kishindo kwa siku kadhaa au wiki chache, na mtu hudhani ugonjwa umezidi. Kwa maelewano na daktari, meza siku moja uache moja kwa wiki mbili, kisha kila siku ya tatu, huku vidonge vya kutafuna vikiwa karibu.

Hatua ya 8: ukienda hospitali

Beba mfuko wa dawa na daftari, na uandike maswali, kwa sababu ukungu wa akili, ule usahaulifu unaokuja na fibromialjia, hufuta maneno mbele ya daktari. Ukiambiwa una vidonda vya tumbo, uliza vimeonekana kwa kipimo gani. Kipimo cha kinyesi cha H. pylori, bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo, kinataka uwe umeacha omeprazole kwa wiki 2 na antibiotiki kwa wiki 4, vinginevyo huweza kusema huna wakati unao. Kipimo cha damu cha kingamwili huweza kuonyesha "unao" muda mrefu baada ya kupona.

Endoskopi ikirudi safi na dozi sahihi ya omeprazole haijasaidia baada ya wiki 8, usiongeze dozi mwenyewe. Hapo swali la kumuuliza daktari ni kama umio wako una neva zinazohisi kupita kiasi. Tiba yake huweza kuwa amitriptyline ya dozi ndogo, ile ile ambayo kwa mgonjwa mwingine ndiyo iliyolegeza kilango, kwa hiyo mweleze uliianza lini, kwa miligramu ngapi, na kifua kilikuwaje kabla yake. Na kama umetumia omeprazole zaidi ya mwaka, omba kipimo cha magnesium na B12 siku hiyo hiyo wanapokutoa damu.